Koko akishindwa kushuka, kanisa lipande

 Nilikuwa nimepanga kuongea juu ya mahari, maana barua za mahari zimejaa mezani, lakini zitangoja. Kuna barua moja imenikaa moyoni siku kumi. Ninaijibu mbele ya wote kwa sababu najua aliyeiandika ana wenzake wengi katika mji huu wa Bukavu.

Ni binti wa Cimpunda, kule juu Kadutu. Anaimba kwenye kwaya ya kanisa lao. Anaishi na koko wake, mama wa baba yake, ambaye alipooza upande wa kulia mwaka juzi kwa ajili ya tansio, yaani shinikizo la damu. Mwezi wa kwanza, anasema, kanisa lilikuja lote: watu ishirini, pasta mbele, wamama na vitambaa vyao, wakajaa nyumba ya mbao mpaka wengine wakabaki nje. Waliimba, wakaomba, wakalia. Mwezi wa pili walikuja wanne. Mwezi wa tatu alikuja mmoja, kuleta bahasha ya mchango wa ujenzi. Baada ya hapo, kimya. Koko anajua Jumapili bila kuuliza, kwa sababu vipaza sauti vya kanisa vinasikika mpaka kitandani kwake. Wimbo ukianza kule chini, naye anauimba na mdomo wake uliopinda, nyuma kidogo ya wenzake.

Binti anauliza: "Yaya, nimwambie pasta namna gani bila kuonekana ninamshtaki?"

Mdogo wangu, nilipofika hapo kwenye wimbo niliweka barua chini. Nikuambie kwanza kwamba humshtaki mtu. Koko wako hajatoka kanisani. Jina lake liko kwenye orodha ya washirika, na sauti yake iko kwenye wimbo hata kama wa chini hawaisikii. Unachotaka kumwambia pasta ni kwamba kanisa lake lina mshirika mmoja zaidi ya wale anaowahesabu kwenye viti.

Najua uchungu wako kwa sababu nimekaa upande huo. Mama yangu alikaa ndani miaka minne kabla Mungu hajamchukua. Miguu ilikuwa imevimba, ngazi za kwetu hakuziweza tena. Wakristo wenzake walimpenda, sitasema uongo, na kanisa lenyewe sitalitaja. Lakini upendo wao haukuwa na siku. Mtu mmoja alimwambia, "Mama, tutakuja Jumapili moja." Basi kila Jumapili mchana Mama aliomba nimvalishe kitambaa chake cha bluu, nimkalishe akielekea mlango. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Ikifika saa kumi na moja anasema, "Nivue, labda wamepata mgeni." Juma lililofuata, kitambaa tena. Nilikuwa nakasirikia watu wasiokuja. Leo naona kosa lilikuwa lile neno "moja." Wangemwambia Jumapili ya pili ya kila mwezi, saa tisa, angekuwa na siku moja ya kungoja na siku ishirini na tisa za kupumzika.

Ndiyo maana, ukienda kwa pasta, usimwombe huruma. Huruma anayo, ilionekana mwezi wa kwanza. Mwombe zamu. Huruma huja na habari mpya na huondoka ikija habari nyingine, na Bukavu hatukosi habari nyingine: leo nyumba zimeungua Nyamugo, kesho mvua imebomoa ukuta na kuua watoto, keshokutwa kuna kilio cha mtu mkubwa. Aliyelala miaka miwili hana habari mpya ya kutoa, na zamu ndiyo inayomkumbuka.

Kama pasta ataona ni mambo ya kizungu, mfungulie Matendo ya Mitume sura ya sita. Kanisa la Yerusalemu, changa kabisa, mitume wenyewe wako hai, na tayari kulikuwa na manung'uniko: wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Angalia mitume walivyofanya. Hawakuwakaripia walionung'unika. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, wanaojulikana kwa majina, wakawekewa mikono kwa kazi hiyo. Na Justino Shahidi, alipoeleza huko Roma ibada ya Jumapili ya Wakristo katikati ya karne ya pili, hakusahau kusema kwamba mashemasi huwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuweza kufika. Ibada haikuwa imekwisha mpaka asiyekuwapo amefikiwa. Wakatoliki wenzetu wameishika desturi hiyo. Tangu mwaka 1973 hata mlei aliyepewa ruhusa anaweza kuwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani, padri akikosekana. Ninyi wa makanisa ya Kiprotestanti, ulizeni: Meza ya Bwana inapoandaliwa, nani anaibeba kwenda Cimpunda?

Sasa niseme juu ya mji wetu, kwa sababu mashauri mengi ya kutunza wazee yameandikwa na watu wa miji tambarare. Huko mtu akishindwa kutembea anapewa kiti cha magurudumu na maisha yanaendelea. Hapa kiti hicho kinaishia mlangoni. Bukavu ni milima mitupu inayoteremka kuelekea ziwa Kivu, na nyumba za Kadutu zimepandana kiasi kwamba mlango wa huyu uko usawa wa bati la yule. Njia ni ngazi za udongo, za mifuko ya mchanga, za mawe yaliyopangwa na kijana mwenye moyo mwema. Mvua ikinyesha udongo unashika kiatu mpaka unaacha kiatu. Pikipiki haifiki, gari ndiyo usiseme. Kwa hiyo mtu ambaye kwingine angeitwa mwenye kutembea kwa shida, hapa ni mfungwa. Wako wengi kuliko tunavyowaona: mama aliyevunjika nyonga, papa mwenye kisukari aliyekatwa mguu, kijana aliyepigwa risasi ya mgongo, dada mwenye ugonjwa wa akili ambaye familia inaona haya kumtoa. Nao ni washirika wa kanisa.

Jambo la kwanza la kumwomba pasta ni daftari. Daftari la kawaida, la shule. Kwenye kila ukurasa mtu mmoja: jina lake, avenyu yake, anayemtunza, nambari ya simu ya jirani, siku ya kutembelewa, na majina mawili ya watakaokwenda. Hao wawili waandikwe kwa majina yao. Ukiandika "wamama" au "vijana" hujaandika mtu. Wakirudi waandike tarehe na jambo moja walilokuta: dawa zimekwisha, bati linavuja, anauliza kwa nini mwinjilisti fulani haji. Daftari likae kanisani na lisomwe kwenye kikao cha wazee kama linavyosomwa lile la sadaka. Kwa Wakatoliki ni rahisi zaidi, kwa sababu mashirika yenu yamepangwa kwa majirani na kila shirika linajua nani amelala nyumba ipi. Makanisa mengine yana vikundi vya maombi vya mitaa. Wa mtaa mmoja wapewe mtu wa mtaa wao; usimtume mama wa Panzi kupanda Cimpunda kila juma, atachoka mwezi wa pili na hatakosea kuchoka.

Jambo la pili ni namna ya kwenda, na hapa nitakaa kidogo, maana tunaharibu kwa kutojua.

Wawili wanatosha. Ishirini ni kilio, na mgonjwa anajua. Wawili pia ni usalama, wa mgonjwa na wa mtembeleaji. Asiende mtu peke yake kwa mtu asiyeweza kuinuka. Bisheni hodi, ngojeni. Mama mzee anataka dakika mbili za kufunika miguu na kuficha beseni, mpeni. Ketini, msimwombee mmesimama kama watu wanaowahi mahali. Kataeni Fanta mapema, kabla mtoto hajatumwa dukani, kwa sababu nyumba nyingi huogopa wageni wa kanisa kwa ajili ya Fanta tu. Mpeni habari za kanisa, nzuri na mbaya: nani kaoa, nani kahama, kwaya imeshona sare ya rangi gani. Mama yangu aliniambia mara moja, "Wananiletea Zaburi, sikatai, lakini hakuna anayeniambia nani anakaa kwenye kiti changu." Baada ya nusu saa ondokeni, na kabla ya kuondoka tajeni siku ya kurudi.

Mikono yenu isikae mapajani. Maji ya Regideso huja usiku au hayaji, na asiyeweza kushuka bombani anategemea huruma ya watoto wa jirani. Bidoni mbili za maji mlangoni ni sala iliyoeleweka. Makala kidogo, sabuni, sambaza wa kukauka, mawe ya redio, uniti za simu, kuondoka na simu yake kuichaji pale penye umeme na kuirudisha jioni ileile. Haya hayangoji mfuko wa kanisa ujae. Nayasema haya nikijua hali: tangu Februari 2025, vita ilipofika mjini na benki zikafunga milango, hata wenye mshahara wanahesabu franka. Lakini bidoni ya maji inataka mgongo tu, na migongo ya vijana wa kwaya iko.

Kuna kitu kingine ambacho ni lazima kitazamwe, na wengi wanaona haya: mwili. Mtu aliyelala upande mmoja siku nzima huanza kuoza ngozi, kwenye kiuno, kwenye visigino, kwenye mifupa ya makalio. Ageuzwe kila saa mbili, shuka iwe kavu na bila mikunjo, na ngozi ikionekana imebadilika na hairudi rangi yake, aitwe muuguzi kabla haijafunguka. Kidonda cha kulala kikishafunguka kinaweza kuua. Katika makanisa mengi ya mji huu kuna wauguzi, wengine wamestaafu, na kuna wale wahamasishaji wa afya tunaowaita mareko. Jina la muuguzi mmoja liwe kwenye daftari. Azunguke mara moja kwa mwezi, apime tansio, atazame visigino, aulize dawa zimebaki ngapi.

Nawajua wale watakaosema: kanisa kazi yake ni maombi, vidonda ni vya hospitali. Kwao nina kisa cha mji wetu. Daktari Denis Mukwege alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa pasta wa Kipentekoste. Baba yake alikuwa na desturi ya kuzunguka nyumba za wagonjwa, na mwanawe akifuatana naye. Mukwege mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba siku moja, akiwa na umri wa miaka minane hivi, waliingia kwa mtoto mgonjwa sana. Baba akaomba, wakatoka. Kijana akauliza kwa nini baba ameomba tu na hakutoa dawa, wakati yeye akiugua nyumbani anaombewa na dawa anapewa. Baba akamjibu kwamba yeye si mganga. Hapo ndipo mtoto alipoamua kwamba atakuwa yeye anayetoa dawa, na baba aendelee kuomba. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, na tuzo ya Nobel ya mwaka 2018, vyote nyuma yake vina nyumba moja ya mgonjwa iliyobishwa hodi na pasta aliyefuatana na mtoto wake. Ombeni, pakeni mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na muulize dawa. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya tansio ili aonyeshe imani, huyo asiandikwe kwenye zamu. Na asiandikwe anayemwambia mtu aliyepooza kwamba angekuwa na imani angeinuka. Nimeona uso wa mtu aliyeambiwa hivyo na wageni wakaenda zao. Alibaki na maneno hayo usiku kucha, hawezi hata kujigeuza upande wa ukuta.

Juu ya uchawi nitasema kwa haraka lakini nisikieni. Mama mzee asiyeonekana nje, mlango umefungwa mchana, anaongea peke yake kidogo kwa sababu hana wa kuongea naye: katika mkoa wetu hayo yanatosha kuanzisha maneno. Mwaka 2021, huko Kabare, Kalehe na Walungu, kina mama wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakiwa wametajwa na wanawake wanaojiita manabii, wale bajakazi. Kanisa likiingia na kutoka kwenye mlango ule kila juma, mchana, majirani wakiona, maneno yanakosa pa kukaa. Hiyo nayo ni kazi ya zamu.

Sasa nigeukie wewe, mdogo wangu, kwa sababu barua yako ya kurasa tatu haikusema hata mara moja umelala saa ngapi. Unamgeuza koko usiku, asubuhi unateka maji, unamwogesha, unauza mandazi, jioni unakimbilia mazoezi ya kwaya na kurudi kabla ya wimbo wa mwisho. Mwisho wa barua umeandika "na kwaya nafikiri nitaiacha." Usiiache. Hili ndilo ombi la tatu kwa pasta, na mimi naliona kubwa kuliko yote: kanisa likae na koko ili wewe utoke. Jumatano na Jumamosi, saa za mazoezi, mama mmoja aje akae naye, ashone, asikilize redio naye. Jumapili mbili kwa mwezi mtu mwingine abaki, wewe ushuke ukae kwenye ibada mwanzo mpaka mwisho bila kuangalia saa. Wagonjwa wengi wa nyumbani katika mji huu wanatunzwa na binti au mkamwana, na wengi wa watunzaji hao wameacha shule, biashara au kanisa pasipo kuulizwa na mtu. Kanisa linalomtembelea mgonjwa na kumpita mtunzaji jikoni limeona nusu ya nyumba.

Na koko naye apewe kazi. Usistuke. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi mpaka katikati ya Agosti, sisi wote tulikuwa watu wa nyumbani. Tulisali na redio, Radio Maria kwa wengine, Neno la Uzima kwa wengine. Tuliombeana kwa simu. Mapasta walijifunza kupiga simu kumi kila asubuhi. Tuliona kwamba mtu anaweza kuwa wa kanisa bila kuketi kwenye kiti. Milango ikafunguliwa, tukakimbilia viti vyetu, na walioachwa ndani tukawaachia ukimya uleule tuliokuwa tumeulalamikia sisi miezi mitano. Basi turudishe zile simu. Koko wako amekaa katika chama cha wamama miaka thelathini, umesema. Anajua nani alikuwa mgomvi na nani aliwapatanisha. Apewe kila Jumapili karatasi ya majina matano ya kuombea, na wenye majina waambiwe. Wasichana wanaojiandaa kuolewa wapelekwe kwake. Watoto wa shule ya Jumapili wapande wakajifunze nyimbo za zamani ambazo hazimo tena kwenye vitabu vyao. Lejio ya Maria, kile chama cha Wakatoliki, wana utaratibu huu tangu zamani: washiriki wengine huzunguka kila juma, na wasioweza kuzunguka husali nyumbani kwa ajili yao, wote wanahesabiwa. Na Edel Quinn, yule Mwairishi aliyeileta Lejio Afrika Mashariki mwaka 1936, alikuwa mwenyewe mgonjwa wa kifua kikuu, na alifia kazini Nairobi mwaka 1944. Ugonjwa haumtoi mtu kwenye orodha ya watenda kazi.

Tena akitaka kutoa sadaka, mpokeeni. Niliitaja ile bahasha ya ujenzi, na nasema wazi: msipande kwake kwa ajili ya bahasha. Lakini yeye akifungua kona ya kitambaa na kutoa franka mia tano, msimrudishie mkitikisa vichwa kwa huruma. Andikeni jina lake, lisomwe Jumapili pamoja na mengine. Ni heshima yake.

Je, anaweza kushuka siku moja? Umeuliza hilo pembeni ya barua kwa maandishi madogo, kama unaogopa. Wazee wetu wa Bushi walibeba wagonjwa kwa tipoyi kutoka vijijini mpaka hospitali, mlima kwa mlima, wanaume wanne wakipokezana. Na katika Injili ya Marko kuna wanne waliopandisha rafiki yao juu ya nyumba, wakabomoa dari. Vijana wa kanisa lenu wanabeba baflo za muziki kwenye ngazi zilezile. Koko ni mwepesi kuliko baflo. Pangeni kwa Pasaka au Noeli. Muulizeni kwanza yeye, mara mbili, kwa sababu wengine wanaona haya kubebwa mbele ya watu, na akikataa jambo limekwisha. Chagueni asubuhi kavu. Wabebaji wafanye mazoezi na mtu mzima mwenye afya kabla ya siku yenyewe, wajue ngazi ipi imelegea. Mwavuli, blanketi, na mtu mmoja wa kutangulia kufungua njia. Pawe na mahali pa kujisaidia karibu na kanisa, pamefagiliwa, na mama mmoja aliyepewa kazi hiyo tu. Kiti chake kiwe kati ya wamama wenzake, pale alipokuwa akikaa. Msimweke mbele kama kitu cha kuonyeshwa.

Katika daftari lile andikeni pia nani atambeba kukiwa na mbio za vita. Sipendi kuliandika hili lakini sisi ni watu wa Bukavu. Oktoba 1996 huko Lemera wagonjwa waliuawa wakiwa vitandani hospitalini. Na Februari 2025, watu walipofunga vifurushi, nyumba ngapi zilikaa usiku zikinong'onezana swali moja: na mzee je? Jibu la swali hilo haliwezi kupatikana usiku ule. Majina manne ya majirani wenye nguvu, yameandikwa mchana wa amani, wenyewe wamekubali.

Basi, namna ya kumwambia pasta. Usimwambie Jumapili mlangoni, watu wakimvuta huku na huku. Omba nafasi siku ya kazi. Nenda na mama mmoja wa chama, mzee kuliko wewe, aliyekuwa rafiki wa koko. Yeye afungue mazungumzo. Anza na shukrani ya mwezi wa kwanza, maana walikuja kweli na koko aliwaona. Kisha mweleze juu ya wimbo. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: kwamba anaimba nyuma kidogo ya wenzake. Nyamaza, umwache alisikie. Ndipo utoe daftari kwenye mfuko, jipya, na ukurasa wa kwanza uwe umeshajazwa kwa mkono wako: jina la koko, avenyu, simu, na mistari miwili mitupu ya majina. Kama pasta ni mtu ninayemdhania, ataomba kalamu. Akisema ana kazi nyingi, mwambie hujaja kumwongezea kazi, umekuja kuomba ruhusa yake na dakika tatu za matangazo. Na akikataa kabisa, anzeni ninyi wa kwaya, watu sita, juma kwa juma. Hakuna kanuni ya kanisa inayokataza kubeba maji.

Ninyi wengine mnaosoma, mapasta, mapadri, wazee wa kanisa, wamama wa vyama: leo kabla ya kulala, taja moyoni mtu mmoja ambaye hujamwona kanisani tangu Pasaka, na kesho uulize yuko wapi.

Na wewe wa Cimpunda, niandikie baada ya mwezi uniambie majina gani yameandikwa kwenye ile mistari miwili. Msalimie koko. Mwambie yaya wako amesikia anaimba.